Baiskeli Isiyo na Keria

Jumatatu, 4 Septemba 1989
Nimetoka na baiskeli baada ya sala ya alfajiri, Likoni hadi Ukunda na kurudi. Upepo wa kusi wote usoni wakati wa kwenda. Miguu mizito. Kibanda cha cherehani nimekifungua saa mbili na nusu, mteja wa kanzu keshachoka kungoja, keshaondoka. Saumu, mke wangu, alinitilia chai. Siku hizi hanuni wala hasemi. Afadhali angenuna.

Jumatano, 6 Septemba
Maji ya mfereji hayajatoka tangu Jumapili. Mtaa wetu wote wa Timbwani unachota kisimani. Zamani nilikuwa nafunga madumu mawili kwenye keria ya ile baiskeli yangu nyeusi, safari mbili tu, nyumba imetulia. Ile nyeusi niliibadilisha mwezi wa tano na hii ya mbio, ya Mjerumani mmoja wa Diani. Nyepesi, tamu. Lakini haina keria, haina stendi, hata kengele haina. Mwanaisha, binti yangu wa miaka mitano, hana pa kukaa. Alilia siku ile, nikamwambia atazoea.
Saumu anabeba maji kichwani. Nimemwomba avumilie mpaka majaribio ya mbio yapite, tarehe 17. Watachaguliwa watatu kwenda kuendesha Nairobi. Nina miaka thelathini na minne. Ni mwaka huu au basi tena.

Ijumaa, 8 Septemba
Nimemaliza kushona kaptura yangu ya mbio. Nailoni nyeusi, ya kubana, mshono haukwaruzi. Kazi safi. Saumu aliitazama akacheka kidogo, akasema mpaka leo mimi sijamshonea hata foronya. Kweli.

Jumapili, 10 Septemba
Siku mbaya.
Asubuhi Msambweni na kurudi. Nilipofika nyumbani nikajilaza sebuleni, miguu nimeiegemeza juu ukutani, ndivyo kocha wetu wa mbio anavyotaka tupumzike. Usingizi ukanichukua. Kumbe baba yake Saumu, Mwalimu Omari, ametoka Kisauni kuja kututembelea. Kapiga hodi, hakuna wa kuitika. Kaingia, kanikuta adhuhuri yote nimelala miguu juu. Hajakaa, mara Saumu huyo mlangoni, ndoo kichwani, kanga imerowa mpaka miguuni. Nyuma yake Mwanaisha na kidumu chake.
Nilimwamkia mkwe, shikamoo. Akaitikia. Kisha akamgeukia bintiye.
"Vaa buibui lako, twende zetu."
Saumu hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma. Mtoto wamemchukua pia.

Jumanne, 12 Septemba
Sikuendesha jana. Leo nimeendesha. Nyumbani hakukaliki.
Mke akichukuliwa na babake huendi ukamshika mkono. Unapeleka wazee. Kwa hivyo nimekwenda kwa Ami Hamisi, ndugu wa marehemu baba. Kanisema mbele ya wanawe. "Mtu mzima wewe, una mke na mtoto, wacheza baiskeli?" Nikainamisha kichwa. Kesho atavuka feri aende Kisauni kuniombea.

Alhamisi, 14 Septemba
Ami amerudi na jibu. Watatupokea Jumapili baada ya sala ya alasiri. Saumu mwenyewe ataka kurudi. Amemwambia Ami hadai kitu, nifike tu kwao kwa adabu zangu, niseme mbele ya babake kwamba nimekosa. Basi.
Jumapili ndiyo siku ya majaribio. Lakini yanaanzia huko huko Kisauni, saa mbili asubuhi, Kilifi na kurudi. Saa sita nimemaliza. Naoga, navaa kanzu, saa kumi niko barazani kwao. Ami sikumwambia habari ya majaribio. Sijui kwa nini. Najua, nilijua atanikataza.

Jumapili, 17 Septemba
Mbio zilichelewa kuanza, gari la kutuongoza lilifika saa tano na nusu. Waendeshaji wawili walichoka kungoja wakajiendea zao. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuondoka. Sikuondoka.
Nilimaliza wa tatu. Wallahi, wa tatu. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mkoba wenye kanzu niliuweka kwenye lori la mizigo, na lori limeshakwenda mjini na watu walioanguka. Nikangoja. Alasiri ikasaliwa. Nikasema nikizidi kungoja nitaambiwa nimedharau. Nikapanda baiskeli nikaenda.
Ningeweza kuomba kikoi kwa mtu yeyote njiani. Mwenye duka, muuza nazi, yeyote. Haikunijia. Kichwani mwangu mlikuwa na neno moja tu, wa tatu, wa tatu.
Wazee wamekaa mkekani, Ami Hamisi katikati anasema maneno mazuri juu yangu. Nikatokea mimi. Kaptura ya kubana, mapaja nje, miguu inang'aa mafuta. Wakati ule ule mama mkwe anatoka na sinia la kahawa. Mama mkwe wangu. Aliniona, akageuza uso, akarudi ndani na sinia lake. Mwalimu Omari alivua shuka begani akanirushia bila kunitazama.
Ami akasema, "Tuondoke."
Saumu nilimwona dirishani. Akalifunga.

Jumatano, 20 Septemba
Kocha kaja kibandani kunipa mkono. Nimechaguliwa. Nilimshukuru, nikaendelea kushona.
Magharibi nimeitwa kwa Ami. Mwalimu Omari ataka nimwachie bintiye. Nikauliza, na Saumu je? Ami akasema aliulizwa mara tatu. Mara mbili alilia. Ya tatu alisema hataki tena.
Aibu ile nimemtia yeye, si mimi. Mimi nimeondoka na shuka, yeye amebaki nayo mle ndani na mamake.

Ijumaa, 22 Septemba
Nimeandika talaka moja, baada ya sala, mbele ya mashahidi wawili. Ami asema kabla eda yake haijesha naweza kumrejea. Nampenda, na sina tamaa kwamba atanitaka tena.
Jioni kaka yake kaja na mkokoteni. Kachukua sanduku, kitanda cha mtoto, sufuria zake. Nilimsaidia kufunga kamba. Alinishukuru kwa heshima, na hilo likawa zito kuliko matusi.

Jumapili, 24 Septemba
Nimetoka alfajiri. Ukunda nikapita. Msambweni nikapita. Nimefika Ramisi, sijapata kufika mbali hivyo kwa baiskeli. Nikakaa kando ya barabara nikala ndizi mbili. Kisha nikageuka, polepole.
Nimerudi alasiri. Hakuna aliyeniuliza nimechelewa wapi.