Kamera ya Kuhesabia Miguu

Jumatatu, 10 Februari 2025

Daktari kanisikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida. Halafu akaongea na Esta, siyo na mimi. Nikajua. Moyo umechoka, miguu inajaa maji, chumvi marufuku. Esta ni binti yangu wa mwisho. Jioni kanipikia mlenda usio na chumvi na kunitazama nikila kana kwamba ni mtihani. Miaka themanini si haba. Sina malalamiko, ila hayo ya chumvi.

Na leo hii hii nimemwona tena! Kwenye mlimao, mbele ya dirisha langu. Kidudu cheusi, kiuno chembamba, anatembea kama sisimizi, anatikisa vipapasio kama sisimizi. Si sisimizi. Nimemgusa kwa unyasi, akajiangusha na kuning'inia kwa uzi. Sisimizi hana uzi. Ni buibui anayejifanya sisimizi, na vile vipapasio si vipapasio, ni miguu ya mbele ameiinua juu. Miguu minane.

Nimekaa nikacheka peke yangu mpaka Esta akaja kuuliza kama ni dawa mpya.

Jumanne, 11 Februari

Niandike kabla mkono haujakataa. Daftari hili ni langu peke yangu, basi nisijipambe.

Mwaka 1978, kidato cha kwanza, baiolojia. Niliwatuma nje kila mmoja akachore mdudu. Saada Abdillahi, miaka kumi na tatu, binti wa muuza vitambaa wa Majengo, akaleta sisimizi aliyechorwa vizuri kuliko mimi ningechora. Miguu minane. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu na stashahada ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Nikamsimamisha mbele. Nikauinua mchoro juu. Nikamwambia ahesabu miguu kwa sauti, wenzake wasikie.

Akahesabu. Kwenye saba sauti ikakatika. Nikasubiri. Darasa zima likamalizia: nane. Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikampa sifuri kwa wino mwekundu. Alisema neno moja tu: "Lakini ndivyo nilivyomwona, Mwalimu." Nikamjibu kwamba baiolojia haitaki ndoto.

Tangu siku ile hakuna aliyemwita Saada. Minane. Minane kwenye foleni ya uji, Minane sokoni, Minane mpaka leo.

Mwaka uliofuata, kwenye ukuta wa nyumba za walimu, nikamgusa "sisimizi" kwa unyasi akashuka kwa uzi. Nikaelewa pale pale. Saada alikuwa kidato cha pili, dawati la tatu kutoka dirishani. Kesho yake ningeingia na kusema: nilikosea. Neno moja. Sikulisema siku ile, wala wiki ile, na neno la namna hiyo likilala linaota mizizi. Limelala miaka arobaini na sita.

Kilichonichekesha jana ni hiki: sasa nina shahidi, anaishi kwenye mlimao. Nitampiga picha. Picha ya karibu kabisa, miguu ihesabike. Nitampelekea Saada mkononi kabla sijaondoka.

Alhamisi, 13 Februari

Simu ya Esta. Picha kumi na mbili. Majani ya mlimao yametoka safi, hata mavi ya ndege. Mdudu ni nukta ya ukungu.

— Baba, hicho kidoa ndicho kinakufanya usimalize uji?

Nikamwambia ndicho. Akasema nikitaka kamera ya kweli, ndogo, ya kushika mkononi, mjini hapa mwenye nazo kabatini ni mtu mmoja. Nikamwuliza nani, ingawa nilijua.

Bi Minane, wa Studio Minane.

Sijawahi kukanyaga studio ile. Picha zangu za pasipoti za kustaafia nilipigia Manyoni, zaidi ya kilomita mia. Za kitambulisho, Dodoma. Marehemu Damari, mke wangu, alikuwa na hakika nina mwanamke Manyoni, na mimi nikaona heri aamini hivyo. Ndiyo hofu ilivyo: nilikubali kuitwa mzinzi nyumbani kuliko kupita mlango mmoja mjini.

Vijana wanadhani Minane ni jina la babu yake. Tunaojua tumebaki wachache.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeingia! Bajaji mpaka mlangoni, Esta mkono huu, mkongojo mkono huu.

Saada amenenepa, ushungi wa kijani, miwani inaning'inia kifuani, ana wajukuu sita. Alisimama mara moja. "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba yangu ilitoka kama kikohozi. Akanikalisha kwenye kiti cha kupigia picha, mbele ya pazia la bluu. Nikamwambia nahisi kama naandaliwa picha ya kubebwa mbele ya jeneza.

— Hiyo tunasubiri uvae tai, akasema. Leo hujapendeza.

Esta akaziba mdomo. Mimi nikacheka mpaka kifua kikauma.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Badala yake nikasema nataka kamera ndogo. Akatoa tatu, akazipanga juu ya kioo cha meza: ya rangi ya fedha, nyeusi, na nyekundu iliyochubuka pembe. Nikaidaka ya fedha kwa sababu ndiyo yenye namba kubwa kuliko zote. Inavuta mara thelathini! Saada akauliza napiga nini, twiga? Nikasema kidudu. Cha ukubwa gani? Punje ya uwele. Alinitazama kidogo. Kisha akaenda duka la jirani wanakouza chakula cha kuku, akarudi na punje yenyewe, akailaza juu ya karatasi nyeupe.

— Mwalimu, kila anayeingia hapa anauliza inavuta mbali kiasi gani. Wewe uliza inasogea karibu kiasi gani.

Basi nikafundishwa, mimi niliyefundisha karibu miaka thelathini. Ya fedha ukishavuta haitaki kuona kitu kilicho chini ya mita moja. Inaunguruma, inatafuta, inakata tamaa. Nyeusi unaiweka kwenye alama ya ua dogo, huvuti kabisa, unaisogeza mpaka sentimita moja, na punje inakuwa kama mojawapo ya mawe yetu ya kando ya ziwa Singidani. Lakini kwa ukaribu ule lenzi inatupa kivuli juu ya kitu chenyewe. Nyekundu inaishia sentimita tatu, ila ina kitaa kando ya lenzi, kinawaka muda wote na kufuta kivuli. Namba zake ndogo kuliko za wenzake. Saada anasema namba ni za kuuzia.

Mkono ukatetemeka. Picha tatu za kwanza, ukungu mtupu. Aliniambia kwa upole, upole ambao mimi sikuwa nao: usiishike, ilaze. Mfuko mdogo wa uwele, kamera juu yake kama mtoto mgongoni, halafu ile saa ya sekunde mbili, ili kidole kiwe kimeshaondoka kabla haijapiga. Nikafanya hivyo. Punje ikatokea kwenye skrini, ina mikunjo, ina kitovu.

— Vizuri sana, Saada, nikasema. Ilinitoka kama darasani.

Akakunja karatasi yake nyeupe mara mbili.

— Leo umeniita Saada.

Ndipo ningesema. Akaingia mtu wa picha za pasipoti na mtoto analia.

Ameniazima mbili, nyeusi na nyekundu, nizijaribu nyumbani. Atapita mwenyewe kuchukua nitakayoikataa. Esta alipotaka kumwelekeza akasema nyumba ya Mwalimu anaijua, kwa miaka mingi amekuwa akizunguka njia ya juu ili asipite mbele yake.

Kumbe tulikuwa tunakwepana wote wawili, kwenye mji huu ulio sawa na kiganja.

Jumanne, 18 Februari

Mvua asubuhi. Mchana jua, na buibui wangu akatoka. Nyeusi imeshindwa. Kivuli kama Saada alivyosema, na nilipoisogeza zaidi mdudu akairukia lenzi yenyewe, akatembea humo. Nina picha ya tumbo lake, kubwa kama wingu la masika. Esta kaangalia, kakaa chini kwenye kizingiti kwa kucheka. Hajacheka hivyo tangu mama yake atutoke. Nyeusi nimeirudisha kwenye mfuko wake, lakini picha ya tumbo siifuti.

Jumamosi, 22 Februari

Nyekundu. Mfuko wa uwele juu ya kigoda, kamera juu ya mfuko, tawi la mlimao limefungwa kwa uzi lisiyumbe. Nimempata! Safi, kila unywele wa mguu. Nimekuza, nimehesabu.

Sita.

Sita, na vipapasio viwili. Nimempiga kwa ubavu, ameinua ile miwili ya mbele, ni sisimizi kamili. Mimi mwenyewe ningeipokea na kuipa alama zote. Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Mtoto wa miaka kumi na tatu, bila kamera, bila hata lenzi ya mkono maana tulikuwa nazo mbili na nilizifungia kabatini, alilala kifudifudi kwenye vumbi la uwanja mpaka akaona kwamba vile si vipapasio. Alitazama kwa muda gani? Mimi nilitazama mchoro wake kwa muda wa kuinua mkono.

Hili sikulijua mpaka leo. Nilidhani nilimwonea mwanafunzi mmoja mwenye bahati. Kumbe nilimwonea mwanafunzi bora niliyewahi kufundisha.

Jumatano, 26 Februari

Ninayo!

Nilikaa kuanzia saa tatu. Esta kagomba, miguu imejaa, viatu haviingii tena. Nikamwambia miguu yangu ni miwili tu, natafuta minane. Saa sita kasoro buibui akaja kwa mbele, akaiona taa ya kamera, akasimama. Buibui huyu ana macho mawili makubwa mbele, kama taa za lori. Akanitazama. Na kwa kunitazama akasahau kujifanya: akaishusha ile miwili chini, akakanyaga jani kwa yote. Sekunde mbili za kamera zilikuwa ndefu kuliko mahubiri. Nilizuia pumzi, jambo ambalo daktari kanikataza.

Tiki.

Minne huku, minne huku. Nimehesabu mara tano. Esta kahesabu. Jirani Kristina aliyekuja kuazima chungio naye kahesabu, bila kujua kwa nini.

Kamera ni nyekundu, sina shaka tena. Nimekariri sentensi: "Saada, mwaka 1978 wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikosea, na nililijua hilo tangu 1979." Sehemu ya mwisho ndiyo inayonikaba. Lakini bila hiyo si ungamo, ni adabu tu.

Ijumaa, 28 Februari

Yupo sebuleni. Naandika haraka.

Amekuja baada ya swala ya Ijumaa, na sahani ya visheti imefunikwa kitambaa. Shikamoo, marahaba. Kaulizia miguu yangu, nikasema inajitahidi. Nikafungua mdomo nitoe sentensi. Akanitangulia. Alivuta kigoda, kile kile cha kamera, akakaa chini yangu.

— Mwalimu, mfungo unaingia kesho kutwa. Sisi kabla ya mwezi tunaombana radhi. Kama nilikukosea kwa neno au kwa moyo, nisamehe. Kwa moyo hasa. Nimekusema vibaya moyoni miaka mingi.

Yeye ananiomba mimi!

Sentensi yote ikayeyuka. Nikamsamehe — nifanyeje? Sina cha kumsamehe. Nikamwekea nyekundu mkononi, imewashwa, picha iko kwenye skrini. Nikasema nimechagua hii, hebu itazame. Kisha nikasema naenda kufuata miwani, nikaja huku chumbani. Miwani ninayo usoni. Aliiona nikiondoka nayo.

Sasa nasikia kitufe. Anakuza. Tiki, tiki. Kisha "Mh," kidogo, kama mtu aliyekutana na jamaa yake njiani.

Anahesabu. Kwa sauti, taratibu, hajui kama namsikia. Au anajua. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Anazunguka upande wa pili. Tano. Sita. Amesita. Tazama ya mbele, Saada, ile ya mbele.

Saba.

Ni hapa hapa. Ni hapa nilipomwacha amesimama. Moyo umetulia ajabu.

Hasemi nane. Anacheka. Siyo kile kicheko cha darasa. Huyu anacheka peke yake, na Esta jikoni naye kaanza bila kujua linalochekwa.

— Mwalimu, anaita. Miwani unayo usoni. Njoo hapa. Mguu wa nane nimekuachia. Uutaje kwa sauti, Esta asikie.

Mkongojo uko wapi.