Mlio wa Pikapu ya Baba

Jumamosi, 5 Julai 2025
Pikapu ya baba imenigomea leo kilimani nikitoka Mbebe kumwona. Moshi wa bluu, nguvu hakuna. Nimevutwa hadi gereji ya Shadrack, Mpemba. Anasema pistoni zote nne zimechoka, ringi ndiyo usiseme. Injini ifumuliwe.

Baba kumbukumbu zinamtoka. Nikienda kwa basi ananiuliza mimi ni binti wa nani. Ila akisikia pikapu inakohoa huko bondeni — anatoka na fimbo yake, "Jenista huyo," na siku hiyo jina langu halimpotei. Mdogo wangu Gwantwa, anayeishi naye, hunitania kwamba baba amezaa gari.

Jumatano, 9 Julai
Injini iko chini, vipande vipande. Shadrack na maneno yake: dada, madhali tumefungua, tusirudishie vilevile. Pistoni kubwa kidogo, hedi ikwanguliwe ibane zaidi, kabureta ya matundu mawili, ekzosi pana. Kilima cha Ileje utapanda unapiga mluzi.

Nilikubali kabla hajamaliza. Nimechoka kupitwa na malori.

Ijumaa, 18 Julai
Nimevuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, kutafuta kabureta. Kibemba changu ni neno moja, "shinga", la kuulizia bei. Limetosha.

Shadrack ameuliza ekzosi ya zamani aiweke wapi. Wape watu wa vyuma chakavu, nikasema. Hata sikugeuka kuitazama.

Jumamosi, 26 Julai
Imewaka! Mlio mzito, umetulia, gari la bosi kabisa. Nimempigia Gwantwa asikilize kwenye simu. Akauliza: dada, hiyo ndiyo gari yetu?

Nilicheka. Sasa niko kitandani na swali lake halinitoki.

Jumapili, 27 Julai
Kilima nimekipanda kwa gia ya tatu, lori likabaki nyuma. Raha yangu ikaishia getini. Baba hakuwapo.

Gwantwa anasema baba alisikia mlio, akasema kuna mgeni, akabaki kwenye benchi. Nimemwamkia, ameitikia kwa adabu ya kupokea wageni. Binti wa nani wewe? Mimi Jenista, baba. Akatabasamu, hataki kuniaibisha. Jenista bado hajafika, akasema. Gari yake mbovu, lakini hufika.

Mjinga mimi. Mjinga kabisa. Pistoni na ringi tu zingetosha.

Nimempigia Shadrack. Ekzosi imeshabebwa, hajui na nani. Na hata ingekuwepo, dada, hedi iliyokwanguliwa hairudi. Alisema kwa upole, ndicho kilichoniuma zaidi.

Gwantwa amejaribu mara mbili kumwingiza baba ndani, baridi ya huku inakata. Amekataa. Anasubiri gari.

Nimerudi kukaa ndani ya pikapu, ndimo ninamoandikia. Nimewasha injini tena, nikakanyaga mafuta kidogo — labda akiusikia mlio kwa karibu, labda kuna kitu ndani yake hakijabadilika.

Amekuja. Amegonga kioo kwa fimbo, taratibu. Ananiomba radhi: mama, tafadhali nizimie hiyo, maana mwanangu akija sitamsikia.

Nimezima. Amerudi kwenye benchi, ameinamisha kichwa upande wa barabara. Na mimi nasikiliza.