Pembe Hupokewa Safuni

Jumatano, 4 Februari

Nimefuta siku nyingine. Kalamu nyekundu, kabla ya uji, kama kila asubuhi. Zimebaki kumi na sita. Tarehe ishirini niliizungushia duara tangu Oktoba, wiki ile mume wangu Athman alipozikwa. Miezi minne na siku kumi. Miaka thelathini nilikuwa karani wa shule na rejista zangu hazikuwahi kurudishwa. Siwezi kushindwa kuhesabu eda yangu mwenyewe.

Nguo nyeupe ile ile. Nimeipiga pasi kwa kukosa la kufanya. Wa kuniona nani?

Jua limeingia dirishani saa nne, likaondoka saa sita. Ndiye mgeni wa leo.

Ijumaa, 6 Februari

Mwanamisi kaleta samaki wa kupaka. Ni mke wa kijana wa jirani, binti mpole, hukaa ukingoni mwa kiti utadhani kinachoma. Kaniletea na habari. Bega limemshinda Bi Rukia. Vunja jungu ya mwaka huu, karamu ya kabla ya Ramadhani, ndiyo ya mwisho kwake kuongoza vugo, ngoma yetu ya pembe. Jumatatu ya tarehe kumi na sita, baada ya alasiri, uani kwake kama miaka yote.

Nikaweka sahani chini. Pembe ya mbele! Ile ya nyati anayoigonga Bi Rukia peke yake mwanzo, ndipo sisi wengine tuingie na zetu. Miaka ishirini na sita nimesimama mkono wake wa kulia. Mtongwe nzima inajua: ikitoka kwake inakuja kwangu. Lakini pembe hupokewa safuni. Haipelekwi nyumbani, haiwekewi mtu. Na Ramadhani ikiingia zote huviringishwa kangani mpaka Idi, na aliyepokea kapokea.

Kumi na sita. Ishirini. Siku nne tu!

Mwanamisi kaniuliza eda yangu yaisha lini. Nikamwambia ishirini. Akaanza, "Lakini Bi Fatuma, kwani wahesabu kwa..." Nikamkata. "Tarehe ishirini, mwanangu. Imeandikwa pale." Akakusanya bakuli lake. Wasichana wa siku hizi wanapenda kusomesha watu.

Jumapili, 8 Februari

Salma kapiga simu kutoka Nairobi. Atakuja tarehe ishirini kunitoa eda, tikiti ya treni keshakata. Nikamweleza habari ya pembe. Kasema, "Mama, si ngoma tu?" Ngoma tu. Nilipokata simu nililia. Si sana. Halafu nikapika wali wa mtu mmoja na bado ukabaki.

Kiti cha kamba cha Athman kiko pale pale mlangoni. Asubuhi alikaa hapo na kahawa yake akaitangaza siku. "Leo mwezi kumi na mbili, mfungo sita." Kila asubuhi, miaka thelathini na minne ya ndoa. Mimi nikamjibu kutoka jikoni kwa tarehe ya ukutani, naye akacheka. "Hiyo kalenda ya mshahara, Fatuma." Siku hizi nyumba haina wa kuitaja siku. Nakunywa kahawa nimesimama.

Jumatano, 11 Februari

Hakuna aliyekuja. Nimefuta siku.

Jumamosi, 14 Februari

Wameanza kupasua kuni kwa Bi Rukia. Nasikia shoka na vicheko. Nimetoa pembe yangu mvunguni, nikaipaka mafuta ya nazi, nikairudisha.

Nimewaza jambo baya. Kwamba nitoke tu. Siku nne, nani atajua? Mungu atajua. Na Zuhura, ambaye anajua ya kila nyumba. Zuhura! Anagonga pembe kama anatwanga vitunguu saumu. Nikikosekana mimi, yeye ndiye anayefuata safuni.

Bi Rukia hajaniletea hata salamu. Miaka ishirini na sita bega kwa bega, na sasa niko ndani ndipo hanijui. Nimemkasirikia. Namkasirikia mpaka nakosa usingizi.

Jumapili, 15 Februari

Siku kama nyingine. Nimefua. Nimefuta.

Jumatatu, 16 Februari

Harufu ya pilau tangu adhuhuri. Mtaa mzima unakula kabla mwezi haujaandama. Nimeoga, nikavaa nyeupe safi, nikakaa kitandani upande wa dirisha. Kama ningesikia zaidi kwa kuwa msafi.

Walichelewa. Miaka yote alasiri ikishasaliwa tu pembe hulia. Leo kimya. Nasikia sauti za wanawake, nasikia viti vikiburutwa, pembe hailii. Nikadhani bega la Bi Rukia limekataa kabisa. Jua lilikuwa linafifia ukutani ndipo ilipolia. Ko. Ko-ko. Mkono wake, siwezi kuukosea.

Pigo la pili ni langu. Sikuzote pembe ya mbele ikiita, yangu ndiyo inayojibu. Leo iliita na hakuna aliyejibu. Pengo tupu, halafu wakaingia wa tatu na wengine wote. Iliita tena, pengo tena. Hawakujali hata kumweka mtu. Nilichukua kijiko nikagonga ubao wa kitanda mahali pangu. Mwanamke wa miaka sitini na moja, anagonga kitanda kwa kijiko. Niliendelea.

Kisha vigelegele virefu, na pembe ya mbele ikalia kwa mkono mwingine. Vitunguu saumu.

Nikaacha kijiko. Mwanamisi kaleta sahani ya pilau, kaiacha mlangoni. Sikuigusa.

Jumanne, 17 Februari

Sitawasamehe. Nimeandika ili nisije nikajisahaulisha. Mtu aliwapikia harusi zao, akawakosha maiti zao. Hakuna aliyegonga mlango kusema Fatuma tunakukumbuka.

Mwezi haukuonekana. Saumu Alhamisi.

Jumatano, 18 Februari

Bi Rukia kaja asubuhi, kajifunga bega kwa leso. Nikampa shikamoo baridi. Hakuitikia. Alikuwa ananitazama nguo.

"Fatuma, mbona ungali na nyeupe?"

Nikamwambia eda yaisha kesho kutwa. Nikamwonyesha kalenda, duara langu jekundu, mistari yangu yote. Akaketi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kama anahesabia mtoto. "Athman alikufa mwezi kumi na saba, mfungo saba. Mfungo nane, mfungo tisa, Rajabu, Shaabani. Kumi na saba Shaabani ndiyo miezi minne. Tia kumi. Ishirini na saba. Ilikwisha Jumapili, mwanangu. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa juu, si kwa hiyo ya ukutani."

Jumapili. Nilikuwa nafua.

Bi Rukia akaendelea. Walijua niko huru tangu Jumapili; ile ishirini yangu Mwanamisi hakuwa amemwambia mtu. "Twalikungoja hata jua likataka kutua. Wakaniambia tumtume mtu. Nikasema mjane hashikwi mkono akapelekwa ngomani, akitaka atakuja mwenyewe. Hukuja. Nikadhani hukutaka." Kisha akasema nafasi yangu hawakuiziba. Aliwakataza. Walicheza mpaka mwisho na pengo mkono wake wa kulia.

Hakusema kuhusu kuirudisha pembe, wala mimi sikuuliza. Ingekuwa mwingine ndiye aliyekosa, mimi ndiye ambaye ningesema kwa sauti kwamba pembe hupokewa safuni.

Alipoondoka nilimpa shikamoo nyingine, ya kweli. Nikajikosha mwenyewe, nikajitoa eda mwenyewe. Leso ya kahawia, ile aliyoipenda Athman. Magharibi nikatoka nje. Miguu iliona mchanga mgeni. Wa kwanza kunikuta njiani akawa Zuhura. Akanishika mkono akanyoosha kidole juu ya paa la jirani. "Bi Fatuma, ule pale." Mwembamba, umelala. Sikumpenda Zuhura zaidi kwa ajili hiyo. Lakini niliuona.

Sikulia kwa ajili ya pembe. Nililia baadaye, kitandani, nilipoelewa. Miaka thelathini na minne sikuwahi kuhesabu mwezi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuuhesabu. Angekuwapo angenichekesha. Angeniambia, Fatuma, kalenda ya mshahara hiyo. Kumbe siku aliyokufa ndiyo siku niliyopoteza hesabu.

Alhamisi, mwezi mosi Ramadhani

Daku peke yangu. Tende, na wali wa jana. Salma nimemwambia aje tu kesho, eda imekwisha lakini mimi nipo.

Nimeviringisha pembe yangu kangani. Kalenda nimeiacha ukutani, ina siku za treni.

Nimemimina kahawa na leo sikusimama. Nimekaa kwenye kiti cha kamba. Kimezama kidogo, kimezoea mtu mzito. Nikasema kwa sauti, "Leo mwezi mosi, Ramadhani."

Hakuna aliyejibu kutoka jikoni. Nimeosha kikombe kabla ya adhana.