Saa ya Kusoma, Kila Ijumaa

Nyumba za Walimu,
S.L.P. 17,
Kakuma.

Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Dada Nakuleu,

Ejok, nakusalimu kikwetu, dada yangu. Hujambo huko Voi? Shemeji naye hajambo? Na ule mguu wako uliokuwa unavimba ukisimama sana wodini, umepoa? Mama aliniambia kwa simu kwamba sasa umepewa zamu ya mchana. Nilifurahi, maana kukesha hakukuwa kunakufaa. Mimi ni mzima. Joto ni lile lile unalolijua, na upepo wa juzi juzi uling'oa bati moja la jiko langu, lakini mwili hauna neno.

Mama yuko Nawoitorong, hajambo. Akeno wangu bado anakaa naye ili asome sekondari hapo Lodwar, na sasa amemzidi Mama urefu. Macho ya Mama yamechoka, kwa hiyo Akeno ndiye anayemsomea Biblia kila jioni. Nikisikia hivyo nafurahi, kisha naumia kidogo. Kutwa nzima nawafundisha watoto wa wenzangu kusoma, na wangu namsikia kwenye simu tu, mtandao ukikubali. Tangu tulipomzika mume wangu Ekaale nami nikahamishiwa huku, nimekuwa mtu wa kuongea na sufuria.

Lakini leo nina habari, na sina mwingine wa kumpa isipokuwa wewe.

Mwaka huu nilianzisha saa ya kusoma, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Vitabu vya hadithi tulikuwa navyo, ila vilifungiwa kabatini visichafuke. Watoto walikuwa wanajua kitabu ni kitu cha mtihani. Nikimwambia mtoto asome kwa raha yake, ananiuliza, "Mwalimu, maswali yako wapi?" Siku za mwanzo wengi walisinzia. Mwalimu mkuu, Bwana Lochakapong, si mtu mbaya, lakini wakubwa wake humwuliza alama tu. Aliniambia wazi kwamba siku ya wazazi atakaa aangalie mwenyewe, na asipoona faida, saa hiyo inarudi kwenye hesabu.

Ndipo nikabadilisha mambo. Niliwaambia kila mmoja aombe hadithi moja nyumbani kwao, tuiandike kwa Kiswahili, tuichore, tushone kurasa kwa uzi, tupate vitabu vyetu wenyewe. Dada, ungeona! Darasani nina watoto wa kambi ya wakimbizi na watoto wa kwetu Waturkana. Walizoea kukaa mbalimbali, lakini sasa waligombania kalamu za rangi pamoja. Wakaanza kusomeana bila kuambiwa, hata kwenye foleni ya maji.

Kuna msichana mmoja, Ayak, anayeishi kambini na bibi yake, Bibi Yar. Wazazi wake walibaki Sudan Kusini. Akiwa peke yake anasoma vizuri sana, lakini mbele za watu sauti humkauka. Aliandika hadithi ya bibi yake, ya ng'ombe aliyegoma kuvuka mto mpaka aitwe kwa jina lake, na jina lenyewe alilijua binti mmoja tu. Nikamchagua asome siku ya wazazi. Walimu wenzangu walisema nitajiharibia.

Siku ikafika, Ijumaa ya wiki iliyopita. Wazazi walijaa hadi nje. Ayak akasimama, akasoma jina la hadithi, akasoma sentensi ya kwanza kwamba ng'ombe mweupe alifika mtoni, kisha akanyamaza. Bwana Lochakapong akatazama saa yake.

Mara Bibi Yar akasimama kule nyuma na kuanza kufoka kwa Kidinka. Mama mmoja aliyekaa karibu naye akatutafsiria huku akicheka. "Anasema ng'ombe hakuwa mweupe! Alikuwa na madoa!"

Watu wakacheka. Ayak akainua uso. "Bibi, hapa nimeandika mweupe."

"Anasema futa," yule mama akajibu.

"Nitafuta nikimaliza. Ngoja kwanza, bibi, bado yuko mtoni."

Akaendelea kusoma! Kila akifika mahali, bibi yake anamkatiza, naye anamjibu na kusonga mbele, na sauti inapanda. Alipofika pale binti anapomwita ng'ombe, darasa zima liliita pamoja naye, wazazi nao wakaita. Mimi nilijifanya napangusa ubao ili wasinione machozi.

Bwana Lochakapong hakutoa hotuba. Alinipa ufunguo wa kabati, akaniuliza, "Wiki ijayo mnasoma nini?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa furaha, nikafungua mlango, kukawa kimya. Nilimpigia Mama, simu haikushika. Nilipika, nikala, nikajilaza. Dada, huzuni ya kukosa wa kulia naye nimeizoea. Sikujua kwamba furaha nayo inaweza kukulemea hivyo ukiwa peke yako.

Juzi Ijumaa tukasoma tena. Tulipomaliza, Ayak aliniuliza mbele ya wote, "Na ya kwenu, mwalimu?" Nikaanza kuwasimulia ile ya Baba, ya ngamia aliyemfuata mwanawe aliyepotea akafika ziwani, kule karibu na Eliye, akakuta nyayo zinaingia majini. Hapo nikakwama. Watoto wananikodolea macho. Nimekumbuka kwamba kila mara Baba alipofika hapo mimi nilikuwa nimeshalala. Wewe ndiye uliyekuwa unabaki macho.

Nisalimie shemeji Lokol, na mwanao Nangiro mwambie mama yake mdogo anataka kusikia anasoma kitabu gani sasa, si kapata alama ngapi. Mungu akutunze kazini, aupoze mguu wako, na Desemba akulete Lodwar ukiwa mzima.

Nimewaahidi watoto kwamba mwisho wa hadithi upo, ila uko Voi. Hebu nieleze, dada: yule ngamia alimpata mwanawe? Niandikie usinipigie, nami niwe na sauti yako ya kusoma humu ndani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Namuria