Madume Katika Nyungu ya Mama

Jumatatu, 10 Februari
Nimelisha fukusi, nimebadilisha kunde, nimefuta rafu. Maabara kimya, feni tu. Nimekaa kumtazama nyigu mmoja kazini. Mdogo kuliko sisimizi. Anaipigapiga kunde kwa papasi zake za kichwani mpaka ajue funza wa fukusi amelala wapi ndani. Anatoboa. Anamchoma funza lakini hamuui. Funza hubaki hai, hasogei, yai la nyigu limekaa juu ya ngozi yake. Atakayetoka kwenye kunde hiyo si fukusi tena. Miaka miwili kazini na bado mwili hunisisimka.

Jumamosi, 15 Februari
Luanda Kotieno, kwa mama mkwe. Nyungu yake ya mbegu inalia. Nimeweka sikio. Kwaru, kwaru, humo ndani. Fukusi wanakula kunde zake, na mbegu hiyo aliachiwa na mama mkwe wake, hakuna sokoni. Mvua ikija, kimila lazima yeye apande kwanza, tena mbegu yake mwenyewe. Kabla ya hapo mume wangu Ouma na ndugu zake hawagusi jembe.

Dawa hataki kuisikia. Nyigu wangu wa maabara amewakubali, kwa sharti: "Nyara, binti yangu, kwa hii nyungu yangu mwanaume haingizi mkono. Hata hiyo dudu yako. Leta wanawake pekee."

Nilicheka. Lakini sawa, dume hachomi funza. Wa nini?

Jumatano, 19 Februari
Kila kunde kwenye kichupa chake. Akitoka nyigu jike, namweka kando. Dume, namtupa. Kazi safi, najipongeza.

Jumapili, 23 Februari
Nimewamwaga nyunguni, majike watupu. Mama amefunika kwa kitambaa, kisha akaipapasa nyungu kama tumbo la mja mzito. Sikupenda kuona vile.

Jumamosi, 8 Machi
Nyungu imenyamaza. Mama amenichinjia kuku. Ouma anaringa na mke wake msomi. Mimi nimeinama pale muda mrefu, sikio kwenye udongo. Najua wako hai humo, mamia ya funza, wanaliwa polepole bila kutikisika. Kuku nimemsukumia Ouma.

Jumamosi, 15 Machi
Wametoka. Madume. Nimemwaga kunde kwenye ungo, nimetafuta jike hata mmoja. Madume tu. Wanazunguka juu ya kunde, wanasimama, wanangoja dada zao watoboe watoke. Hakuna dada.

Mjinga mimi. Yai la nyigu likipata mbegu ya dume huwa jike. Lisipopata huwa dume. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa. Na mimi nikawafungia wasichana wale vichupani kabla hawajakutana na dume yeyote. Wamezaa wana wa kiume watupu, wasioweza kuchoma chochote. Mama angesikia, angepiga vigelegele. Miaka yote ananiomba mjukuu wa kiume.

Fukusi waliosalia wameanza tena. Kwaru. Sijamwambia. Naogopa.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua imenyesha. Nimefika na chupa mpya, madume kwa majike, nimekimbia nayo kutoka stendi. Nimefungua nyungu. Unga, na kunde zenye matundu kama filimbi. Fukusi wamenipanda mkononi.

Nimekaa na Mama jikoni jioni yote. Nimezungumzia mvua tu. Nina aibu ambayo sijawahi kuijua.

Jumamosi, 29 Machi
Ardhi imelowa vizuri. Mama ametoka peke yake, kunde kwenye kiganja. Amezipima uzito, mkono ukipanda na kushuka. Akanitazama. Alijua. Alijua pia kwamba hakuna itakayoota.

Akainama akapanda. Shimo, kunde, udongo, kisigino. Mstari mzima, bila haraka, huku Ouma na ndugu zake wamesimama ukingoni na mbegu za dukani, hawathubutu kuingia.

Alipofika mwisho alinyoosha mgongo, akajifuta viganja kwenye leso.

"Haya. Sasa nyinyi pandeni."

Tukaingia shambani.