Kifungo Chini ya Ngozi

Jumapili, 5 Agosti 2007

Wiki nzima tangu nirudi Mikindani na wageni hawajaisha. Kila anayekuja ananipa pole, anakunywa chai, halafu macho yanateremka kifuani. Wanataka kukiona kile kidude nilichotoka nacho India. Basi nateremsha khanga kidogo, wanaona uvimbe mdogo tu chini ya mfupa wa mtulinga, mkubwa kama kizibo cha soda. Wengine wanaomba kugusa. Naruhusu.

Chini ya ngozi kuna kijikopo, na mrija wake unaingia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Dawa zote za kansa zilipita humo, mikono ikapumzika kuchomwachomwa. Matibabu yamekwisha, alhamdulillahi. Lakini daktari amesema kibaki mwaka mmoja kwanza. Sikumuuliza kwa nini. Najua kwa nini.

Mama mkwe, Bi Zulfa, aliniuliza pole pole jikoni kama kinatumia betri. Hapana, mama. Akashusha pumzi. Kumbe alikuwa anaogopa zisije zikaniishia njiani nikienda kazini kwenye kituo cha kilimo Naliendele.

Chande, mume wangu, anakiita kifungo. Anasema wenzangu wanafungwa gerezani, mimi nimefungwa kifuani, mwaka mmoja, bila rufaa. Akacheka mwenyewe mpaka akapaliwa na chai.

Ila kina sharti. Kila mwezi lazima kisafishwe kwa sindano – maji ya chumvi, halafu dawa ya kuzuia damu isigande. Kikiachwa kinaziba. Kikiingia uchafu, unakwenda moja kwa moja kwenye damu. Nesi wa kule alinifundisha, nami nikawa naitikia kwa kichwa tu. Nilidhani huku nyumbani atakuwepo mtu anayejua.

Jumatano, 8 Agosti

Hayupo. Nimekwenda hospitali na Chande; nesi wa zamu anaitwa Anna, mtu mzima, miwani imening'inia shingoni. Akakigusa, akanitazama, akasema wazi kwamba hajawahi kukiona maishani mwake. Nikataka kulia. Akavuta kiti. "Kaa, dada. Hebu tusome wote hizo karatasi zako."

Tukasoma. Yeye anafasiri maneno ya kitabibu, mimi namwambia mikono ya yule nesi ilivyokwenda. Sindano zenyewe zimepinda kama herufi L, nimekuja nazo boksi zima. Anna akanawa, akavaa glovu, akapaka dawa, akakibana kifungo kwa vidole viwili, akachoma. Tukasikia ikigonga chini, tiki! Akavuta bomba la sindano, damu ikaja. Ndiyo dalili kwamba njia iko wazi. Tukatazamana kama watoto waliofaulu mtihani.

Tukageuka kumwambia Chande. Chande alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, rangi imemtoka. Anna akaacha kunihudumia mimi akaenda kumpa maji yeye.

Tulipokuwa tunatoka Anna akaniambia nijifunze kujichoma mwenyewe. Nikadhani anatania. Hatanii. Anaweza kuhamishwa wakati wowote, na ugonjwa wangu hautahamishwa naye.

Jumamosi, 18 Agosti

Mazoezi. Kazini nabebesha miche ya mikorosho kutwa, naunganisha kikonyo cha mti bora kwenye shina changa, kisu chembamba, mkono hautetemeki. Nikajiambia hii nayo ni kazi ya mikono tu. Nimechukua kizibo cha soda, ndani nimebandika kipande cha kandambili, juu nimefunika ngozi ya kuku tuliyemchinja jana. Sindano ni ile moja ambayo pakiti yake ilichanika safarini. Nabana, nachoma, nasikiliza.

Bi Zulfa akaingia akanikuta namchoma kuku sindano. Akasema kuku huyo ameshakufa, mwanangu, dawa haitamsaidia.

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jumatano, 5 Septemba

Leo nimejichoma mwenyewe, Anna kasimama pembeni, mikono nyuma. Nataka niandike ukweli: niliogopa kuliko siku ya kwanza ya dawa kule India. Kule nilikuwa nafanyiwa.

Kuku hasikii maumivu. Hilo sikulifikiria. Mara ya kwanza nilisita katikati ya ngozi, sindano ikateleza pembeni ya kifungo. Machozi. Nikamwambia Anna achukue, siwezi. Hakuchukua. Akanifutia uso, akanipa sindano nyingine mpya, akasema, "Umekosea kwa sababu umesita. Usisite."

Sikusita. Tiki.

Nikavuta bomba. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Kavu kabisa! Nikaona kimeziba, nimekiua, mrija wa India nimeuharibu kwa mwezi mmoja. Anna akasogea karibu. Kisha akasema hebu nyanyua mkono juu ya kichwa. Nikanyanyua. Geuza shingo. Nikageuza. Kohoa. Nikakohoa – na damu ikaingia kwenye bomba, nyekundu, taratibu, nzuri mno. Sikuwahi kufikiri nitaiita damu yangu nzuri.

Anna akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Akakiri sasa kwamba hakuwa na uhakika, alikuwa anakumbuka tu zile karatasi.

Jumatano, 3 Oktoba

Mfungo unaelekea mwisho. Mimi sifungi, daktari amekataza, na Bi Zulfa ananipikia uji mchana bila kunung'unika huku mwenyewe ana kiu.

Anna yuko semina Masasi. Kwa hiyo leo nimefanya hapa nyumbani, peke yangu, dirishani penye mwanga. Meza nimeisugua. Nimenawa mpaka viwiko. Chande alijitolea kushika taa ya tochi, akaishika macho kayafumba, ikawa inamulika dari. Nikamwachia aendelee, alitaka kusaidia.

Tiki. Damu. Maji. Dawa. Plasta. Nikamwambia fumbua, nimeshamaliza. Hakuamini.

Usiku huu hakuna la zaidi. Nimefurahi tu.

Jumanne, 16 Oktoba

Idi imepita, nyumba bado inanukia bajia. Saa nne Anna amekuja, na si peke yake. Nyuma yake msichana wa kama miaka ishirini, Mwanaisha, wa Kilambo, na mama yake. Naye ametoka India. Naye anacho kifungo. Hakuna aliyekigusa tangu mwezi wa tano, amekificha hata shangazi zake hawajui. Anasema watu wakikiona watasema ameshakufa, amebaki kuzikwa tu.

Anna hataki kukichoma bila kumwuliza daktari, kwa kuwa muda umepita mno, huenda kimeziba, huenda kuna donge la damu. Ameniachia wageni, amekwenda kumtafuta. Mama wa msichana yuko ukumbini na Bi Zulfa, naisikia sauti ya Bi Zulfa, anasimulia ya kuku.

Sisi wawili tumebaki chumbani. Nimechukua daftari hili kwa sababu sijui niseme nini. Ameniuliza kama inauma. Nimemwambia inauma, kidogo, halafu inapita. Akauliza kama ningevaa nguo ya harusi kingeonekana. Nikamwambia mimi nilikuwa nimeshaolewa, lakini nadhani fundi anaweza kuinua shingo ya gauni.

Akatabasamu. Kisha akaomba kukiona changu. Nikateremsha khanga. Akaleta kidole, akakizungusha pole pole pembezoni mwa uvimbe. Kidole cha baridi.

"Changu kiko kushoto," amesema. Sasa anafungua pini ya buibui lake. Nasikia sauti ya Anna nje, anaongea na mwanamume, bila shaka ndiye daktari. Naweka kalamu chini, nikae naye.