Meza Isiyokuwepo Sebuleni

Nsemulwa,
Mpanda, Katavi.
14 Februari 2026

Mdogo wangu mpendwa Faustini,

Marahaba, hata kama shikamoo yenyewe hujaitoa. Hujambo huko Winnipeg? Helena na watoto wanaendeleaje, na kile kifua kinachokusumbua baridi ikizidi? Kama bado, acha ujeuri, nenda hospitali. Sisi tunaamka salama. Mgongo wa Baba unamuuma asubuhi, mchana anausahau. Mvua imenyesha vizuri, mahindi ya shamba la Sibwesa yamefika kifuani, na mimi niko kwenye cherehani na sare za shule.

Utashangaa kupata barua ya mkono. Ningeweza kukupigia, lakini nimechoka kuongea mbele ya vitu vyenye kamera. Ukifika chini utaelewa.

Uliniuliza tuchague miwani ipi ya kuonana kwa mtandao kati ya zile mbili ulizotutumia picha zake, ili uendelee kuja kuongea na Baba kila Jumapili ukiwa umekaa sebuleni kama mgeni. Nilimwita binamu Machibya wa duka la simu, tukabishana hadi chai ikapoa. Yeye yuko upande wa ile ya bei mbaya. Anasema picha yake ni safi, haichoshi macho ya mzee, na waliotengeneza wanaahidi kwamba inachokiona kinabaki humo humo ndani. Ile rahisi, anasema, nusu unailipia kwa hela na nusu kwa nyumba yako, maana inachora chumba chako na kukipeleka kwao. Nikamuuliza nani amewahi kwenda kukagua ahadi ya hao wa bei mbaya. Nikamwambia pia kwamba kwa bei ile mtu anaezeka nyumba nzima bati jipya, na bado Baba ataishia kukuona wewe tu, tena bila miguu.

Mpaka hapo ungecheka. Sasa kaa chini, maana kuna jambo hatukukuambia kuhusu miwani ya zamani, ile nyeupe uliyotutumia Krismasi ya mwaka juzi.

Unakumbuka siku ya kumzika Mama ulivyoniomba nikuonyeshe. Nilivaa miwani nikaingia nayo sebuleni, na shangazi Nyamizi alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Makochi yalikuwa nje, wanawake wamekaa kwenye mikeka kandokando ya kuta, jeneza liko katikati. Miwani haikukitambua chumba, ikaanza kuniuliza maswali ya Kiingereza, moja baada ya jingine, na mimi nalia, nakubali kila kitu ili upatikane haraka. Ikaniambia nizungushe macho chumba kizima, taratibu. Nikazungusha. Kisha mtandao ukakata, na wewe hukuona chochote. Tukaenda makaburini bila wewe.

Ulichokikosa wewe, miwani ilikipata. Ukiivaa leo unaiona sebule yetu ya sasa, makochi yamerudi mahali pake, lakini juu yake imechora mistari ya siku ile: kuta, mlango, dirisha, na katikati boksi refu jembamba la mistari ya bluu, limeandikwa kwamba ni meza. Inakuonya usije ukajigonga. Mara ya kwanza nilidhani nimeona vibaya. Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikapiga magoti sakafuni na miwani usoni, nikapima. Ni kipimo kilekile nilichompelekea seremala, nilichokuwa nimempima Mama mwenyewe kwa futi hiyohiyo. Tangu siku hiyo cherehani nimeihamishia barazani.

Baba aliliona Jumapili moja mkiwa mnaongea. Mkaendelea na habari za mahindi. Mlipomaliza akaibeba ile meza ya kioo tuliyokuwa tumeirudisha katikati, akaitoa nje mwenyewe, na mgongo wake huo. Siku hizi hakatizi sebule hata akiwa hana miwani, anapita akigusa ukuta. Wageni wanadhani macho yake yamepungua. Na kila siku saa kumi anaivaa, anakaa kwenye stuli pale alipokaa siku ile, upande wa kichwani, anatulia. Nisamehe kwa kukuambia, lakini hata Jumapili hakungojei wewe.

Mimi naogopa, Faustini. Naogopa sebule ya nyumba niliyozaliwa. Naingia kuchukua kikombe, na miguu yenyewe inazunguka.

Nilitaka kukifuta chumba hicho cha mistari. Machibya anasema ni kubonyeza mara mbili tu. Shangazi anataka miwani yenyewe ikafukiwe. Nilipomweleza Baba, na kwamba miwani ilishakipeleka chumba kwa walioitengeneza, akaniuliza, "Hao waliopelekewa chumba chetu, wanajua kwamba ile si meza?"

Hata wewe uliyesoma sidhani kama jibu unalo. Kilichokwenda kwao hatuwezi kukirudisha, na aliyekubali kiende ni mimi. Niliulizwa nikasema ndiyo, mbele ya mama yangu amelala hapo. Hilo linanitafuna, na sijamwambia mtu mwingine.

Kwa hiyo usinunue miwani yoyote, si ya bei mbaya wala ile rahisi. Ukileta mpya, ya zamani tutaitia kabatini na Baba ataona amezika mara ya pili. Wiki iliyopita nilikaa naye tukaelewana. Amekubali chumba kile kifutwe, lakini si na mimi wala Machibya. Anasema atakifuta yule ambaye hakumuaga.

Bei ya ile ya kifahari inatosha nauli yako ya kuja na kurudi. Njoo. Utaivaa, utasimama pale nilipokuwa nimesimama, utamuaga Mama, kisha utabonyeza mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekushika mkono.

Helena na watoto wasalimie sana. Machibya anakusalimu. Shangazi Nyamizi naye anakusalimu, ingawa anasema hajakusamehe. Mungu akulinde angani na barabarani, akufikishe kwenye mlango huu ukiwa mzima.

Ila usikawie. Betri ya miwani imechoka, haimalizi saa moja. Machibya anasema hata ikizima haisahau kitu, lakini Baba hamwamini. Ameiacha kwenye waya wa sola, na kila akipita, mkono ukutani, anasimama kidogo kuangalia kama kile kitaa chake bado kinawaka.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,
Leticia